Dawa ya kuzuia maji yasigande imeingia bwawani na klorini haikai: je, nimwage maji yote?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Minnesota, na nyumba tuliyonunua mwaka jana ina bwawa la kuogelea lililochimbwa ardhini, la galoni 16,000, ambalo ndani limetandikwa vinili. Mwezi wa kumi fundi alikuja kulifunga kwa ajili ya baridi, akamimina kwenye mabomba galoni tatu za ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia maji yasigande. Mwezi huu wa tano tukalifungua wenyewe: tukatoa vizibo, tukawasha pampu, na ile rangi ya waridi ikatoka kwenye matundu ya kurudishia maji na kusambaa bwawani. Tangu hapo kila jioni natia klorini, na kila asubuhi kipimo kinaonyesha sifuri. Juu ya maji kuna povu. Duka la dawa za mabwawa limeniuzia dawa ya kurekebisha pH na nyingine ya kuua mwani, hazikusaidia, na sasa wananiambia nimwage maji yote. Jirani naye anasema maji hayo ni sumu. Nina watoto watatu wanaouliza kila siku wataogelea lini, na pia tuna mbwa. Je, maji yameharibika kabisa?”*

Ndugu msomaji, unauliza mambo mawili yaliyoshikana. La kwanza ni usalama wa watoto na mbwa wako mbele ya dawa yenyewe, na la pili ni sababu ya klorini kutokaa majini. Nitaanza na la kwanza, kwa kuwa hilo halipaswi kukusubirisha.

Tafuta chupa ya dawa iliyotumika, au mpigie fundi akusomee kilichoandikwa kwenye lebo. Unachotaka kuona hapo ni propilini glaikoli. Hii ndiyo dawa inayotengenezwa kwa ajili ya mabwawa, mabomba ya nyumba na nyumba za magurudumu, na ni kemikali ileile ambayo kwa viwango vidogo huruhusiwa kutiwa katika vyakula na dawa za kunywa. Ikiwa galoni tatu za mchanganyiko huo zimezimuliwa ndani ya galoni 16,000 za maji, mtoto aliyemeza funda moja au mbwa aliyelamba ukingo wa bwawa hatadhurika na glaikoli hiyo. Jirani yako ana sababu ya kuogopa, lakini anachokiogopa ni kitu kingine: ethilini glaikoli, ambayo hutumika katika rejeta za magari. Hiyo ni sumu kali. Ina ladha tamu inayovutia wanyama, na mwilini hugeuzwa kuwa asidi zinazotengeneza fuwele na kuharibu figo; kiasi kidogo tu kinatosha kumuua mbwa au paka. Usitegemee rangi peke yake, kwa sababu hakuna sheria inayolazimisha dawa salama iwe ya waridi na ya gari iwe ya kijani, na zipo dawa za magari zenye rangi ya waridi. Lebo ikionyesha ethilini glaikoli, au ikiwa hakuna awezaye kukuthibitishia ilikuwa dawa gani, funga bwawa, zuia mbwa asilifikie, na piga simu kituo cha ushauri wa sumu cha Marekani, namba 1-800-222-1222, kinachopokea simu usiku na mchana.

Kuanzia hapa nachukulia kwamba ni propilini glaikoli. Hata hivyo watoto bado wasiingie. Kinachowazuia ni ile sifuri unayoisoma kila asubuhi, kwa maana maji yasiyo na klorini hayana kinga dhidi ya vijidudu vya kuhara, vya maambukizi ya masikio na vya ngozi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, isipungue miligramu 1 kwa lita, au 2 ikiwa bwawani mna asidi ya sayanuriki (kemikali inayoikinga klorini dhidi ya jua), na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Dawa ile ni hatari kwa watoto wako kwa njia hiyo tu: inaila klorini ambayo ingewalinda.

Inailaje? Glaikoli ni kimiminika kinachoyeyuka kabisa majini, hata hakiwezi kutengana nayo tena. Kwa hiyo chujio la mchanga haliwezi kukinasa, na dawa za kugandisha uchafu ili uzame chini hazina cha kushika. Haina asidi wala alkali ya kutajika, kwa hiyo haisogezi pH, nayo dawa ya pH uliyouziwa haikuwa na kazi ya kufanya. Lakini molekuli yake imeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, kama sukari au jasho, na klorini huvishambulia vitu vya namna hiyo vyote bila kuchagua. Kila chembe ya klorini inayotumika kuunguza glaikoli imekwisha kazi, haipo tena kuua bakteria. Na bakteria nao wanaila glaikoli kwa furaha. Hiyo ndiyo sababu kemikali hii huoza haraka katika mazingira, na ndiyo sababu mabomba yaliyokaa nayo miezi saba huweza kufunguliwa yakiwa na utando wenye utelezi kwenye kuta zake. Utando huo nao unataka klorini yake.

Naomba tufanye hesabu kidogo, maana itakuonyesha ukubwa wa jambo. Dawa ya aina hii mara nyingi huandikwa nyuzi −50 za Farenhaiti kwenye chupa, nayo haiwi glaikoli tupu; sehemu kubwa ni maji. Tukichukulia kwamba theluthi moja ni glaikoli, galoni zako tatu zilibeba kilo nne hivi. Katika lita 60,000 za bwawa lako, hiyo ni kama miligramu 65 kwa kila lita. Ili kuunguza gramu moja ya propilini glaikoli mpaka ibaki hewa ya kaboni na maji, zinahitajika gramu 7.5 hivi za klorini. Maana yake, kuimaliza yote kwa klorini pekee kungehitaji kilo 29 za klorini, au karibu lita 290 za klorini ya maji ya asilimia 10. Hiyo ni hesabu ya karatasini, yaani kikomo cha juu kabisa. Bwawani mambo hayaendi hivyo, kwa sababu klorini huishambulia glaikoli polepole, nyingine huishia kuvunjwa nusu njia, jua linapoipiga klorini huzalisha chembe kali zinazosaidia kazi, na bakteria walikwisha kula sehemu yake kabla hujafungua. Lakini hesabu inaeleza kwa nini kikombe kimoja cha klorini kila jioni kimekuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Povu nalo lina maelezo. Glaikoli na mabaki ya bakteria hulegeza uso wa maji, mapovu yanayotoka kwenye matundu yasipasuke upesi. Ila dawa ya kuua mwani uliyouziwa inaweza kuwa mchangiaji mkubwa zaidi, kwa kuwa zile za bei nafuu mara nyingi zina kemikali za jamii ya sabuni. Acha kuitumia. Povu litapungua kadiri klorini inavyofanya kazi, na halina haja ya dawa yake.

Sasa nakuomba subira, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea, pamoja na baadhi ya maduka. Si lazima dawa ile iwe ndiyo mla klorini wako. Kwa kuwa uliiona kwa macho ikitoka, ni rahisi kuitwisha lawama zote, lakini wapo washukiwa wengine watatu wanaofanana nayo kabisa.

Wa kwanza ni jua, kama unatia klorini jioni kabla halijazama, au unapima asubuhi likiwa limekwisha kupanda. Asidi ya sayanuriki ndiyo inayoikinga klorini dhidi ya mwanga, na katika majira ya baridi hupungua kwa kuzimuliwa na theluji na mvua. Bwawa lisilo nayo hupoteza nusu ya klorini yake juani kwa muda usiofika saa moja. Wa pili, ambaye wengi hawamjui, ni amonia. Bwawa likifungwa bila klorini ya kutosha, wapo bakteria wanaoweza kuivunja asidi ya sayanuriki yenyewe na kuacha amonia majini. Basi majira ya kuchipua mtu hupima akakuta asidi yote imetoweka, na kila klorini anayotia inamezwa ndani ya dakika chache. Wa tatu ni kipimo chenyewe. Kile cha vidonge au unga unaogeuza maji kuwa ya waridi huweza kuunguzwa rangi klorini ikizidi miligramu 10 hivi kwa lita, nawe ukasoma sifuri katika maji yenye klorini nyingi mno. Ukitia tone la kipimo na kuona waridi ikimulika kisha ikapotea papo hapo, shuku hilo kwanza, uzimue sampuli kwa maji ya chupa na kupima upya.

Kuwatenganisha hawa hakuhitaji maabara, kunahitaji ndoo na usiku mmoja. Nunua kipimo cha matone kinachohesabu klorini huru na klorini iliyofungamana (ile iliyokwisha kushikana na amonia au uchafu) kila moja peke yake, na kipimo cha amonia kinachouzwa madukani kwa ajili ya samaki wa kufugwa. Asubuhi, kabla hujatia chochote, pima amonia na asidi ya sayanuriki katika maji ya bwawa. Kisha teka lita 10 za maji hayo kwa ndoo safi ya plastiki, na katika ndoo ya pili weka lita 10 za maji ya bomba la nyumbani. Kwa sirinji isiyo na sindano tia mililita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 10 katika kila ndoo, ukoroge kwa kijiti safi. Hiyo itakupa miligramu 10 hivi kwa lita. Zifunike zote mbili, uziweke kivulini. Pima baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, kisha asubuhi inayofuata.

Soma matokeo hivi. Ikiwa klorini huru ya ndoo ya bwawa imeporomoka katika zile dakika kumi za mwanzo na klorini iliyofungamana imepanda, na kipimo cha samaki kilikwishaonyesha amonia, basi adui ni amonia, na dawa ya kuzuia kuganda ni msindikizaji tu. Amonia huondolewa kwa kuipita kwa nguvu: unaongeza klorini, ukihesabu miligramu 10 hivi kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia, mpaka klorini huru ianze kusimama. Ikiwa klorini inashuka taratibu saa baada ya saa, na asubuhi ndoo ya bwawa iko chini sana kuliko ya maji ya bomba, hapo ndipo glaikoli, mwani na uchafu wa majani vinapohusika. Na ikiwa ndoo zote mbili zimeamka karibu sawa, maji yako hayana tatizo kubwa: klorini inaibwa na jua, au utando umebaki ndani ya mabomba na chujio, mahali ambapo ndoo haikufika.

Tuje kwenye kumwaga. Sikushauri umwage maji yote, na kwa bwawa la vinili lililochimbwa ardhini napinga kwa nguvu ushauri huo. Theluji inapoyeyuka, maji ya ardhini huwa juu. Uzito wa maji ya bwawa ndio unaokandamiza vinili na kuta mahali pake. Ukiyatoa, maji ya ardhini husukuma kutoka nje, vinili huinuka na kukunjamana, na mara nyingine kuta hupinda. Vinili iliyozeeka ikishalegea hivyo huwa imesinyaa na hairudi kukaa kama zamani. Utakuwa umetibu tatizo la mamia ya dola kwa kujitafutia la maelfu.

Njia mbili zinazobaki zote ni halali, na ndoo ndiyo itakayokuchagulia. Kama upotevu wa usiku katika ndoo ni wa wastani, tuseme miligramu mbili mpaka nne kwa lita, endelea kwa klorini, ila ubadili namna ya kuitia. Badala ya dozi ndogo kila jioni, pandisha kiwango na ukishikilie. Asidi ya sayanuriki iwe miligramu 30 hivi kwa lita, pH ishushwe karibu na 7.2 kabla ya kuanza, halafu klorini huru iwekwe kati ya 10 na 12 na irudishwe hapo kila inaposhuka, mara mbili au tatu kwa siku. Kwa bwawa lako, lita 6 za klorini ya maji ya asilimia 10 hupandisha kiwango kwa miligramu 10 hivi kwa lita. Pampu iende usiku na mchana, kuta na ngazi zisuguliwe kila siku, na chujio lisafishwe kwa kurudisha maji nyuma kila shinikizo linapopanda. Mtu asiogelee wakati huo. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na pengine zaidi ya wiki, na utajua imekwisha pale mambo matatu yatakapokutana: maji yameng’aa mpaka chini, klorini iliyofungamana haizidi 0.5, na kuanzia jua linapozama mpaka kabla halijachomoza klorini huru haijapungua zaidi ya miligramu 1.

Kama ndoo imemeza karibu zote kumi kwa usiku mmoja na amonia haipo, mimi ningebadilisha kwanza theluthi moja ya maji, maana maji ya bomba mara nyingi ni nafuu kuliko klorini ya kuunguza glaikoli. Kwenye valvu ya chujio la mchanga kuna nafasi ya kutoa maji nje bila kuyapitisha kwenye mchanga. Itumie hiyo, na usiteremshe kina chini ya kile ambacho fundi atakuambia ni salama kwa vinili yako. Ukitoa theluthi moja na kujaza, theluthi moja ya glaikoli imeondoka. Ukirudia mara ya pili, inabaki chini kidogo ya nusu ya ile ya mwanzo. Baada ya hapo rudi kwenye klorini kama nilivyoeleza.

Maji unayotoa yasielekezwe kwenye mfereji wa mvua wa barabarani, kwa kuwa huo huishia mtoni au ziwani bila kusafishwa. Bakteria wanaokula glaikoli hunyonya oksijeni ya maji, samaki wakakosa ya kupumulia, na klorini nayo huwaua moja kwa moja. Piga simu idara ya maji taka ya mji wako uulize kama unaruhusiwa kuyaelekeza kwenye bomba la maji taka la nyumba, au kuyamwaga polepole kwenye nyasi zako klorini ikiwa imeshuka hadi sifuri. Miji hutofautiana, na faini zipo.

Na tahadhari moja kuhusu klorini zenyewe: usichanganye aina mbili, kwa mfano ya unga na ya vidonge, katika ndoo moja au kifaa kimoja cha kutilia dawa, na usiziache zikutane na asidi. Zinaweza kutoa gesi ya sumu, kuwaka moto au kulipuka.

Mwite mtu aje nyumbani ukiona mojawapo ya mambo haya. Kina cha maji kinashuka zaidi ya kile unachoweza kueleza kwa jua na upepo, au pampu inavuta hewa na kutoa mapovu mfululizo, kwani hapo bomba linaweza kuwa limepasuka wakati wa baridi. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, na lebo ya nyuzi −50 za Farenhaiti inahusu kuzuia bomba lisipasuke, wakati dawa yenyewe huanza kuwa uji wa barafu tangu karibu nyuzi 12 chini ya sifuri za Selsiasi. Au klorini iliyoshikiliwa kwa siku kumi bado inatoweka kila usiku. Au mtoto ameogelea katika maji hayo na sasa anaharisha, ana maumivu ya sikio au vipele. Huyo apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe kuhusu bwawa.

Kabla ya baridi ijayo zungumza na fundi wako mapema. Katika eneo la Minneapolis kanuni za ujenzi hutaka misingi ichimbwe inchi 42 kwa sababu ya kina cha baridi ardhini, na kaskazini mwa jimbo inchi 60, wakati mabomba mengi ya mabwawa hulala juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kuyalinda si anasa. Lakini kinga ya kwanza ni kuyapuliza kwa kompresa mpaka yatoe hewa kavu, na kuyaziba hapohapo. Bomba lililokauka halina cha kuganda, na dawa hubaki kuwa akiba ya mahali ambapo huna hakika. Ikitiwa ndani ya bomba lililobaki na maji huzimuliwa, na nguvu inayoandikwa kwenye chupa haipo tena. Mwombe aandike ametia kiasi gani na katika mabomba yapi. Bomba la inchi 2 hubeba lita 2 hivi kwa kila mita, kwa hiyo kwa karatasi hiyo utajua utoe maji kiasi gani siku ya kufungua: kabla hujazungusha maji bwawani, weka valvu kwenye nafasi ya kutoa nje, fungua mabomba ya kuvuta moja baada ya jingine, na uache pampu iende mpaka waridi iishe. Mabomba ya kurudishia hayapitiwi na njia hiyo. Hayo utayasukuma kwa hewa au kwa maji ya mpira wa bustani kutokea upande wa pampu, kina cha bwawa kikiwa bado chini ya matundu, huku mtu ameshika beseni kwenye tundu kupokea kinachotoka.